Baruti, Shaba na Dola: Vita Vilivyoiunda Katanga

Kwa muda wa miaka thelathini hivi, kuanzia miaka ya 1860 hadi Desemba 1891, nchi iliyo kati ya mto Lualaba na mto Luapula ilikuwa chini ya dola iliyojengwa kwa bunduki. Dola hiyo ni Garenganze. Makao yake makuu yalikuwa Bunkeya, na mwasisi wake alikuwa Ngelengwa Mwenda, anayejulikana zaidi kwa jina la Msiri, mtoto wa mfanyabiashara aliyetoka upande wa Unyamwezi. Kabla yake nchi hiyo ilikuwa pembezoni mwa falme za Waluba na Walunda. Baada yake ikawa Katanga, mkoa wa shaba wa koloni la Ubelgiji, na kisha, kwa miezi thelathini, nchi iliyojitangazia uhuru wake. Kila mara mamlaka yalipobadilika huko Katanga yalibadilishwa na vita, na kila mara mshindi alirithi kile kile alichokipigania: machimbo, njia za kupeleka mali nje, na watu wa kuichimba na kuibeba.

Suala la vita na ujenzi wa dola limechunguzwa zaidi kwa kuitazama Ulaya ya kati ya mwaka 1500 na 1800. Huko mizinga ilizifanya ngome za zamani kuwa hazifai, majeshi yakawa makubwa na ya kudumu, na gharama zikawashinda wafalme. Vita vya Miaka Thelathini, vilivyopiganwa kuanzia 1618 hadi 1648, viliteketeza sehemu kubwa ya nchi za Wajerumani, na waliosalimika walijikuta chini ya watawala wenye makarani, madaftari ya kodi na askari wa mshahara. Lakini njia haikuwa moja. Uingereza ililazimika kujadiliana na bunge lake ili ipate fedha za vita, na mwaka 1694 ikaanzisha Benki ya Uingereza ili iikopeshe serikali iliyokuwa ikipigana na Ufaransa. Hispania ilikuwa na fedha ya Potosi, mlima wa madini katika Bolivia ya leo. Mfalme wake alipigana miaka mingi kwa mali iliyotoka ng'ambo, na bado akashindwa kulipa madeni yake mwaka 1557, 1575 na 1596. Dola inayopata silaha zake kwa kuuza madini haihitaji sana ridhaa ya raia. Haiwi imara kwa sababu hiyo. Garenganze inafanana na Hispania ya Potosi kuliko inavyofanana na Uingereza, na hali hiyo inaeleza ilivyokua haraka na ilivyoanguka haraka.

Kabla ya bunduki, vita katika eneo hili vilikuwa vya kutafuta ushuru. Walunda waliotoka magharibi walisimika ufalme wa Kazembe katika bonde la Luapula kwenye karne ya 18, na machifu wa Walamba na wengine waliokaa magharibi ya mto huo wakawa wanampelekea Kazembe shaba na chumvi. Njia ya msafara ilikatiza nchi ile ile ambayo leo msafiri wa kutoka Lubumbashi hupita akifika Kasomeno, mahali barabara inapogawanyika, moja ikienda Kasenga ukingoni mwa Luapula na nyingine ikipanda kaskazini kuelekea Pweto. Mwaka 1798 Mreno Francisco de Lacerda alifika kwa Kazembe akitokea Tete, kwenye mto Zambezi, akafia huko. Mwaka 1806 wafanyabiashara wawili Waafrika waliotumwa kutoka Angola, Pedro João Baptista na Amaro José, walipita katika nchi ya shaba wakiwa njiani kwenda kwa Kazembe yule yule. Walikaa huko miaka kadhaa wakizuiwa kusonga mbele, ndipo wakafika Tete mwaka 1811.

Mfalme wa aina hiyo hakuwa na jeshi la kudumu. Aliita wanaume wakati wa kiangazi, wakaja na pinde na mikuki, wakapigana, wakarudi kulima mvua zilipoanza. Chifu aliyeshindwa hakuondolewa; aliendelea kutawala, akapeleka ushuru na pengine binti wa kuolewa. Waluba kule kaskazini walitanuka kwa mtindo huo huo hadi miaka ya 1860, wakiunganisha watawala wadogo kwa heshima za ukoo na alama za ufalme kuliko kwa askari. Mpaka wa dola kama hiyo ulikuwa umbali ambao ushuru uliendelea kufika. Aliyekaa mbali aliacha kulipa siku alipoona mkubwa wake amedhoofika.

Kalasa, baba yake Msiri, alikuwa mmoja wa wafanyabiashara wa Unyamwezi na Usumbwa waliozoea kuvuka Ziwa Tanganyika kununua shaba. Walikuja kwa misafara, wakawinda tembo, wakafanya undugu na machifu wa Walamba na Wasanga. Msiri alifika mnamo mwaka 1856 akiwa kijana mwenye wafuasi wachache na bunduki chache. Simulizi za Wayeke, ndilo jina walilopewa wageni hao, zinasema waliwavutia wenyeji kwa mambo mawili: walijua kuchanja watu ili ndui isiwaue, na silaha zao ziliweza kuamua ugomvi. Wasanga wa chifu Mpande walikuwa wakishambuliwa na Waluba. Mlio wa magobori uliwatimua adui wasiouzoea. Aliyekuja kama mgeni akawa mlinzi, na mlinzi, baada ya chifu mzee kufa, akawa mrithi. Katika kila ugomvi wa urithi kati ya koo za huko Msiri alikuwa na upande wa kuusaidia, na kila aliyesaidiwa alibaki na deni.

Hatua ya kuvunja utii kwa Kazembe ilifuata. Msiri alizuia shaba na chumvi za Walamba na Wasanga zisivuke tena kwenda Luapula, akazielekeza kwake. Kazembe hakuwa na nguvu za kumwadhibu. Ufalme wake ulikuwa umejaa ugomvi wa urithi, na wafanyabiashara wa Kiswahili kutoka pwani walikuwa wamejiingiza katika ugomvi huo kwa bunduki zao wenyewe. Katika miaka ya 1870 magharibi ya Luapula hapakuwa tena na mtawala wa Kilunda mwenye sauti.

Bunduki zenyewe zilikuwa mabaki ya vita vya Ulaya. Baada ya vita vya Napoleon, na zaidi baada ya majeshi ya Ulaya kuacha silaha za jiwe la cheche na kuchukua za fataki, kisha zile za kujaziwa nyuma, maghala yalijaa silaha ambazo hakuna jeshi la huko lililozitaka. Viwanda vya Birmingham na vya Liège viliendelea pia kutengeneza gobori za bei rahisi kwa ajili ya soko la Afrika peke yake. Zile ndefu zilizopendwa Angola, zilizoitwa lazarina, zilitengenezwa kwa wingi Ubelgiji. Ndiyo kusema kwamba miaka mingi kabla Mbelgiji yeyote hajaonekana Bunkeya, mafundi wa Liège walikuwa wameshachangia kuijenga.

Gobori moja haikuwa kitu cha kutisha sana. Ilichukua muda kujazwa, mvua iliizima, na mtutu mbaya ulimpasukia mwenyewe. Uzito wake ulikuwa katika mambo yaliyoifuata. Upinde hutengenezwa na mtu yeyote mwenye mti na uzi. Bunduki inahitaji baruti, na baruti ilitoka pwani. Anayeshika njia ya baruti anaweza kuamua nani awe na nguvu kijijini. Risasi za chuma au shaba Wayeke waliweza kuzitengeneza wenyewe, maana walikuwa na mafundi wa kuyeyusha shaba na hata kuivuta iwe waya mwembamba wa bangili, ufundi ambao wao ndio walioueneza katika nchi hiyo. Baruti nzuri hawakuiweza.

Kwa hiyo siasa yote ya Msiri ilikuwa siasa ya njia. Ile ya kwanza ilikwenda mashariki, kuvuka Tanganyika hadi Tabora na Bagamoyo. Kati ya 1871 na 1875 Mirambo wa Urambo alipigana na Waarabu wa Tabora, na misafara ya upande huo ikavurugika. Msiri alijibu kwa kuitafuta Atlantiki. Wafanyabiashara wa Kiovimbundu kutoka Bihé, huko Angola, walianza kufika kwa wingi wakileta baruti na nguo kutoka bandari ya Benguela, wakaondoka na pembe na watumwa. Ili kuifunga njia hiyo kwa undugu Msiri alimwoa Maria de Fonseca, mwanamke mwenye damu ya Kireno, ndugu wa mfanyabiashara Lourenço da Souza Coimbra. Kukaa katikati ya bahari mbili kulimpa nafasi ambayo Mirambo hakuwa nayo: mteja mmoja akipandisha bei, palikuwa na mwingine.

Mwingereza Verney Lovett Cameron alimkuta Coimbra huyo katika nchi ya Waluba, alipokuwa akivuka bara kati ya 1873 na 1875. Coimbra alifika kambini na wanawake 52 waliofungwa kwa kamba, makundi makundi, baadhi yao wakiwa na watoto wachanga au wajawazito. Cameron alikadiria kwamba ili kupata wanawake hao 52 vijiji visivyopungua kumi vilikuwa vimeharibiwa, vyenye watu 1,500 hivi kwa jumla, ambao ama waliuawa ama walikimbilia porini wakabaki na njaa. Hesabu hiyo ni ya msafiri mmoja, lakini inaonyesha biashara ya baruti ilivyolipwa. Pembe za ndovu zilipopungua karibu, watu ndio waliobaki.

Bunkeya, uliokuwa mji mkuu kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1880, haukuwa mji wa ukuta mmoja. Ulikuwa mkusanyiko wa vijiji katika uwanda mpana, kila kimoja na boma lake la miti, na wageni walioufikia waliuhesabu kuwa miongoni mwa miji mikubwa ya Afrika ya kati wakati huo. Vijiji vingi viliwekwa chini ya mke mmojawapo wa Mwami, yaani mfalme, cheo cha Msiri. Wake hao walikuwa mamia, na hapa ndipo dola ya Garenganze ilipojitofautisha na majirani. Kila nchi iliyotiishwa ilitoa binti kwa Mwami. Binti huyo alikuwa amana mkononi mwake, na pia alikuwa msemaji wa nchi yake barazani. Wajumbe kutoka kwao walifikia kwake, ushuru wao ulipita kwake, na habari za njama zilimfikia yeye kwanza. Wake wakubwa waliongoza vijiji, wakasikiliza kesi, wengine wakatumwa safari za mbali kwa niaba ya Mwami. Kwa wanaume palikuwa na wanangwa, watu wa ukoo au watumishi waaminifu, waliowekwa katika majimbo pamoja na wenye bunduki ili kusimamia machifu wa kienyeji. Machifu hao hawakuondolewa. Waliongezewa mtu wa kuwatazama.

Mapato yalitoka katika mambo manne. Pembe zote zilikuwa za Mwami, aliyewaua tembo akilipwa kwa nguo au baruti. Shaba ilichimbwa wakati wa kiangazi katika machimbo ya zamani, pamoja na Kalukuluku, karibu na mahali Lubumbashi itakapojengwa. Mafundi waliyeyusha malakiti kwa mkaa na mivukuto, wakamwaga shaba iliyoyeyuka katika kalibu za udongo kupata misalaba na vipande vya kuuzia. Chumvi ilitoka Mwashya. Na mateka walitoka vitani. Si wote waliouzwa nje. Wanawake wengi walibaki Bunkeya wakilima, na hao ndio waliolisha mji ambao wanaume wake walikuwa vitani au safarini muda mwingi wa mwaka. Vijana wa kiume walitiwa katika vikosi, wakapewa majina ya Kiyeke, na baada ya miaka michache walipigana na watu wa kwao. Wayeke wenyewe waliotoka Usumbwa walikuwa wachache mno. Dola ilijaza safu zake kwa watu iliowashinda.

Jamii za vijijini zilibadilika kwa namna ambayo hakuna mfalme wa zamani aliyewahi kuisababisha. Watu walioishi wametawanyika karibu na mashamba yao walihamia pamoja ndani ya maboma, au wakapanda vilimani na kujificha mapangoni. Mashamba ya mbali yaliachwa. Machifu wadogo walitafuta bunduki zao wenyewe, na njia ya kuzipata ilikuwa ni ile ile ya kuwauza majirani. Hofu iliwekwa hadharani kwa makusudi: wageni waliofika Bunkeya walieleza mafuvu yaliyotundikwa juu ya miti ya boma. Wazungu waliokuja kuitwaa nchi walikuwa na sababu ya kuyakuza maelezo hayo, lakini simulizi za Wasanga nazo hazimkumbuki Msiri kwa upole.

Udhaifu wa jengo hili ulionekana pale vita vilipokuja ndani. Wasanga, waliokuwa wenyeji na wafadhili wake wa kwanza, walimwasi katika miaka ya mwisho ya utawala wake, wakiongozwa na watu kama Mulowanyama. Hawakuhitaji kumshinda uwanjani. Walikaa porini, wakavizia misafara, wakachoma mashamba ya kuzunguka Bunkeya, na kuzuia chakula kisiingie. Mji mkubwa usio na mashamba salama hauwezi kuvumilia hali hiyo kwa muda mrefu. Msiri alihitaji baruti zaidi ili kufungua njia, na alihitaji njia zifunguke ili apate baruti. Hakukuwa na baraza la kuliomba msaada, wala kundi la raia wenye mali ambao wangeweza kumkopesha au kumdai haki kwa kubadilishana na kodi. Kulikuwa na wanaomwogopa, na hao walianza kuondoka.

Wakati huo huo dunia ilikuwa imeanza kumfikia. Paul Reichard, Mjerumani, alipita mwaka 1884, na Wareno Capello na Ivens wakafuata. Februari 1886 aliingia mmisionari wa Kiskoti, Frederick Stanley Arnot, aliyefuata njia ya Benguela. Msiri alimruhusu akae, kwa kuwa mzungu barazani aliongeza heshima na angeweza kuandika barua. Katika mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885 Mfalme Leopold II wa Ubelgiji alikuwa amejipatia Dola Huru ya Kongo, na ramani yake iliijumuisha Katanga, ingawa hakuna ofisa wake aliyekuwa ameiona. Cecil Rhodes, Mwingereza tajiri wa Afrika Kusini, naye aliitaka. Mjumbe wake Alfred Sharpe alifika Bunkeya Novemba 1890 na mkataba, akafukuzwa. Mwaka huo huo mataifa yaliyokutana Brussels yalikubaliana kuwazuia Waafrika wa ukanda mkubwa wa bara wasiuziwe bunduki mpya, na kuruhusu tu zile za jiwe la cheche chini ya masharti. Sababu iliyotajwa ilikuwa kukomesha utumwa. Matokeo yake yalikuwa kwamba askari wa Wazungu walibeba bunduki za kujaziwa nyuma, na askari wa Mwami wakabaki na gobori.

Mwaka 1891 safari za Leopold zilifuatana. Paul Le Marinel alifika Aprili kutoka Lusambo, akaacha kituo kwenye mto Lofoi chini ya luteni Legat. Alexandre Delcommune alifika Oktoba. Msiri aliwakaribisha wote na kukataa bendera. Tarehe 14 Desemba ikafika safari ya tatu, iliyotumwa na Kampuni ya Katanga, iliyokuwa imeundwa mwaka huo huo Brussels na kuahidiwa theluthi ya ardhi itakayoitwa haina mwenyewe. Kiongozi wake alikuwa William Stairs, mzaliwa wa Kanada. Chini yake walikuwapo Wazungu wengine wanne na mamia ya askari na wapagazi walioajiriwa Zanzibar na Mombasa. Garenganze ilitekwa na kikosi kilichopewa amri kwa Kiswahili, baada ya mwendo wa miezi mitano kutoka Bagamoyo.

Msiri alikuwa amebadili mawazo kuhusu Waingereza, akaandika barua kumwita Sharpe arudi. Barua ikaangukia mikononi mwa Stairs. Tarehe 19 Desemba Stairs alipandisha bendera ya Leopold juu ya kilima bila ridhaa ya Mwami, na usiku Msiri akaondoka kwenda Munema, mojawapo ya vijiji vyake. Asubuhi ya tarehe 20 Stairs alimtuma kapteni Omer Bodson na marquis Christian de Bonchamps pamoja na askari mia moja hivi wamkamate. Bodson aliingia bomani na wachache, akamkuta Msiri ameketi mbele ya nyumba, amezungukwa na watu wenye bunduki. Maneno yalikuwa machache. Msiri alisimama na upanga aliokuwa amezawadiwa na Stairs mwenyewe. Bodson akatoa bastola na kumpiga risasi. Masuka, kijana wa nyumba ya Mwami, alimpiga risasi Bodson, na Bodson akafa siku hiyo. Wazanzibari waliobaki nje waliingia mbio wakifyatua. Kichwa cha Msiri kilikatwa na kuinuliwa juu ya mti, jinsi yeye alivyokuwa akiwafanyia wengine.

Miezi iliyofuata ilikuwa ya njaa. Mashamba yalikuwa yamechomwa na Wasanga, Bunkeya ikahamwa, na washindi nao wakaanza kufa kwa wingi. Stairs mwenyewe alifia Chinde, kwenye mdomo wa Zambezi, Juni 1892. Mukanda Bantu, mtoto wa Msiri, alitambuliwa kuwa mrithi, akaletwa pamoja na watu wake karibu na kituo cha Lofoi. Hapo ilifanyika biashara ya kisiasa ambayo athari zake zilidumu. Wayeke, walionyang'anywa dola, walikubali kuwa askari wasaidizi wa waliowanyang'anya, na kwa msaada wa bunduki za Dola Huru wakawapiga Wasanga waliokuwa wamewashinda. Mulowanyama na watu wake walizingirwa pangoni, na wengi wakafia humo.

Vita vingine vya miaka ya 1890 vilikamilisha kazi. Kaskazini, kati ya 1892 na 1894, Francis Dhanis aliwashinda watawala wa Kiswahili na Kiarabu wa Maniema. Nyangwe ilianguka Machi 1893 na Kasongo mwezi uliofuata. Wengi wa askari wake walikuwa wale waliokuwa wakimtumikia Tippu Tip, mfanyabiashara mkuu wa Maniema, muda mfupi kabla, wakiongozwa na Gongo Lutete, ambaye Wabelgiji walimwua mwaka huo huo wa 1893 kwa tuhuma za usaliti. Askari hao hawakusahau. Askari wa Luluabourg waliasi mwaka 1895, wengine wakaasi tena 1897, na mabaki yao yalipigana katika nchi ya Waluba hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Upande wa Luapula, Clément Brasseur aliuawa mwaka 1897 akishambulia boma la Chiwala, mfanyabiashara aliyekuwa akikaa huko. Chiwala akahamia kusini, upande wa Ndola. Kasongo Nyembo wa Waluba hakukamatwa hadi 1917.

Mamlaka iliyotokana na vita hivyo haikuwa serikali kwa maana ya kawaida. Tarehe 19 Juni 1900 Dola Huru na Kampuni ya Katanga ziliunda Kamati Maalumu ya Katanga, ambayo iligawa ardhi, ikauza haki za machimbo na kuwa na polisi wake. Mwaka 1906 ikaanzishwa Union Minière du Haut-Katanga. Reli kutoka Rhodesia ya Kaskazini ilifika mwaka 1910, mji wa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, ukapimwa mwaka huo huo, na mwaka 1911 shaba ya kwanza ikatoka kwenye tanuru la Lubumbashi, kilomita chache kutoka Kalukuluku. Kodi ya kichwa ilitozwa kwa fedha ili wanaume walazimike kutafuta kazi, na ofisi ya kukusanya wafanyakazi ikawatuma mawakala vijijini. Chifu aliyekuwa akitoa vijana kwa vita vya Mwami sasa alitoa vijana kwa machimbo, akiandikwa katika daftari na kupewa nishani. Kwa mtu wa kijiji cha Luapula mabadiliko hayakuwa makubwa kama yanavyoonekana katika vitabu.

Vita viwili vya dunia viliongeza uzito juu ya mpango huo huo. Vile vya kwanza viliwapeleka askari wa Force Publique, jeshi la koloni, hadi Tabora, iliyotwaliwa na Charles Tombeur tarehe 19 Septemba 1916, na hadi Mahenge mwaka uliofuata. Makadirio ya wapagazi waliotumiwa na Wabelgiji hufikia 260,000. Walibeba kwa kichwa baruti na unga, wengine wakifuata njia walizopita babu zao na misafara ya shaba. Vile vya pili vilihitaji shaba, bati na urani ya Shinkolobwe, ambayo iliingia katika mabomu ya Marekani ya 1945. Saa za kazi ziliongezeka, bei zikapanda, mishahara ikabaki nyuma. Tarehe 9 Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waliogoma walikusanyika uwanjani Elisabethville, na askari wakapewa amri ya kupiga risasi. Miongoni mwa waliokufa alikuwa Léonard Mpoyi, msemaji wao. Hapa palikuwa na kitu kisichokuwapo Bunkeya: watu waliofanya kazi pamoja, waliokuwa na dai moja na lugha moja ya kulisemea, Kiswahili cha kazini. Kampuni ilijibu kwa shule, hospitali, nyumba na mgawo wa chakula katika makambi yake. Haikuwapa kura.

Tarehe 11 Julai 1960, siku kumi na moja baada ya uhuru wa Kongo, Moïse Tshombe alitangaza kujitenga kwa Katanga. Waziri wake wa mambo ya ndani alikuwa Godefroid Munongo, wa ukoo wa Msiri. Union Minière iliilipa serikali ya Elisabethville kodi zilizopaswa kwenda Léopoldville, mji mkuu wa Kongo, na fedha hizo zikalipa jandarmeri, yaani jeshi la Katanga, maofisa wa Kibelgiji na mamluki. Waluba wa kaskazini walikataa utawala huo tangu mwanzo, na vijiji vyao vikachomwa. Kwa mara nyingine silaha zilitoka nje, zikalipwa kwa shaba, na kwa mara nyingine dola ilikosa raia wa kuitetea zaidi ya wale iliowalipa. Majeshi ya Umoja wa Mataifa yaliimaliza Januari 1963 kwa kuingia Kolwezi. Sehemu ya jandarmeri ilivuka kwenda Angola, na kutoka huko ikarudi kuishambulia Shaba, jina jipya la mkoa, mwaka 1977 na tena 1978.

Union Minière ilitaifishwa mwanzoni mwa 1967, machimbo yake yakawa msingi wa Gécamines. Munongo alitawazwa kuwa Mwami wa Wayeke mwaka 1976, akakishika kiti cha Msiri hadi alipofariki mwaka 1992.